SOMO: JILE ZETU ZA ZIWANI ZINABEBA KILO NGAPI?



Mara nyingi katika jarida hili tunazungumza juu ya mizani: mizani ya kahawa, mizani ya maharagi, mizani ya mnunuzi inayoiba gramu mia mbili kila gunia. Leo tunabaki kwenye mizani, lakini tunapima kitu kingine. Tunapima jile za kuokoa maisha, zile tunazovaa mtumbwini tunapopeleka mazao Goma au Bukavu.

Sote tunaoishi kando ya Ziwa Kivu tunajua sababu. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imefika karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Watu wengi sana walikufa huku waliokuja kuwapokea wakiwatazama kutoka nchi kavu. Kabla ya hapo, Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na serikali ikaagiza wasafiri wa ziwani wavae jile. Wazee wetu wa kahawa wanakumbuka pia ile miaka ambayo wakulima walivusha kahawa usiku kwenda Rwanda kwa mitumbwi midogo. Wako ambao hawakurudi, na wajane wao ni wanamemba wetu hadi leo.

Kwa hiyo kooperativa nyingi sasa zinanunua jile. Hilo ni jambo zuri. Lakini kununua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kama kile kilichoandikwa kwenye jile ni kweli.

Namba kwenye jile inasema nini

Geuza jile yako, tafuta kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani. Humo mara nyingi kuna namba: 50, 100, 150 au 275, na pembeni herufi N. N ni nyutoni, kipimo cha nguvu. Kwa hesabu ya haraka, gawanya kwa 10 upate kilo: jile ya 100 inapaswa kuinua karibu kilo 10, na jile ya 50 karibu kilo 5. Ukitaka hesabu kamili, nyutoni 100 ni kilo 10 na gramu 200.

Namba hizo hazina kazi moja:

- 50 ni ya mtu anayejua kuogelea, na msaada uko karibu. Haikutengenezwa kumgeuza aliyezimia ili uso wake uangalie juu.
- 100 ni ya maji yaliyotulia, yasiyo na mawimbi makubwa.
- 150 ni ya maji ya mbali na nchi kavu na yenye mawimbi.
- 275 ni ya bahari kali na watu waliovaa nguo nzito au kubeba vyombo vya kazi.

Kitambaa hicho kinaonyesha pia uzito wa mtu anayeweza kuvaa jile hiyo. Soma vyote viwili.

Mwanamemba mmoja alituuliza: "Mimi niko na kilo 75. Kilo 10 zitanibeba namna gani?" Swali zuri. Mwili wa mtu ukiwa majini unabebwa karibu wote na maji yenyewe. Kinacholemea ni kile kinachobaki nje, hasa kichwa. Watu wazima wengi wanahitaji msaada wa kilo 3 hadi 5 na nusu tu ili kichwa kikae juu. Kilo zinazozidi hapo ni za kuinua mdomo mbali na mawimbi, za kukugeuza ukizimia, na za nguo zako. Ndiyo sababu jile iliyoandikwa 100 lakini inainua 40 inaweza kukuelea asubuhi ziwa likiwa limetulia, halafu ikakuacha jioni upepo unapoanza.

Je, namba inaweza kudanganya?

Inaweza. Januari 2016, polisi wa Uturuki katika mji wa Izmir walikamata jile bandia zaidi ya 1,200 zilizokuwa zinashonwa kwa ajili ya wakimbizi wanaovuka bahari. Kwa nje zilionekana jile. Ndani zilijazwa vitu visivyoweza kumwelesha mtu.

Jile ya kweli inaweza kudanganya pia, ikizeeka. Jua linaiunguza, magunia yanaikandamiza kwenye depo, panya wanaitoboa, watu wanaikalia kama mto. Namba iliyoandikwa inabaki ileile, lakini nguvu imeshapungua.

Wapiga mbizi, wale wanaoshuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni, wanalijua jambo hili. Wao wanavaa kizibao kinachojazwa hewa, nacho kinauzwa kwa namba ya kilo kinazoweza kuinua. Mwenye busara haamini namba ya duka. Anakipeleka kwenye maji mafupi, anakijaza, anakining'inizia uzito, anaangalia kinazama lini. Sisi hatupigi mbizi, lakini kipimo ni kilekile, na vyombo vya kupimia tuko navyo tayari kwenye depo.

Kosa la jiwe

Tulitembelea kooperativa moja ya kahawa upande wa Kalehe. Wanamemba walikuwa wamechanga pesa na kununua jile 12, zote zimeandikwa 100. Walitaka kutuonyesha kwamba wameshazipima. Walichukua jiwe, wakalipima kwenye mizani ya kahawa: kilo 10 kamili. Wakalifunga kwa kamba chini ya jile moja, wakaiweka ziwani. Ikaelea. Ilizama karibu yote, kola tu ndiyo ilionekana, lakini ilielea. Watu wakapiga makofi.

Tukawaomba jambo moja: ning'inizeni jiwe lilelile kwenye mizani, lakini safari hii likiwa limezama ndani ya pipa la maji, bila kugusa chini wala ukingo. Mshale ukasimama kwenye kilo 6 na gramu 300.

Pakawa kimya. Mama mweka hazina akasogea, akasoma mwenyewe, akasema: "Kumbe jiwe ndilo lilitusaidia kujidanganya."

Ni kweli. Kitu chochote kikizama kinasukuma maji pembeni, na maji yale yanakirudishia msukumo wa kwenda juu. Kila lita moja ya maji iliyosukumwa inaondoa kilo moja ya uzito. Jiwe lile lilichukua nafasi ya lita 3 na desilita 7, basi likapoteza kilo 3 na gramu 700. Ile jile iliyopigiwa makofi haikubeba kilo 10. Ilibeba kilo 6 na kidogo.

Kumbukeni hivi:

- Jiwe la kawaida au mchanga hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake likiingia majini.
- Jiwe la volkano lenye matundu hupoteza zaidi ya hapo. Upande wa Goma mjihadhari nalo.
- Chuma hupoteza kidogo, karibu sehemu moja kati ya nane.
- Bidoni iliyojaa maji haivuti karibu chochote, maana ni maji ndani ya maji.

Kwa hiyo usitumie uzito wa nchi kavu katika kipimo hiki. Tumia uzito wa ndani ya maji.

Vitu vya kuandaa

1. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia kahawa, inayoonyesha vizuri hadi kilo 25. Iijaribu kwanza: pima bidoni tupu, kisha itie lita 10 za maji na upime tena. Tofauti iwe kilo 10.
2. Pipa la lita 200 lililokatwa juu, limejaa maji safi. Kama hakuna pipa, tumieni gati au mti ulioinama juu ya maji yaliyotulia.
3. Chuma chakavu cha kilo 18 hivi, kama vipande vya gari bovu, kwenye wavu au kikapu chenye matundu. Kwa jile ya 150, ongeza hadi kilo 25.
4. Kamba imara, daftari na kalamu.
5. Watu watatu: mmoja wa kushughulikia jile, mmoja wa kusoma mizani, mmoja wa kuandika.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

*Hatua ya kwanza.* Ning'iniza kikapu cha chuma kwenye mizani, kizame chote majini bila kugusa popote. Soma na uandike. Hii tuiite A.

*Hatua ya pili.* Zamisha jile kwa mikono, ikamue na kuitikisa chini ya maji mpaka mapovu yaishe. Usiruke hatua hii. Jile mpya iko na hewa nyingi kwenye kitambaa na mifuko, na hewa ile itakupa kilo za uongo ambazo zitatoka zenyewe ukiwa ziwani.

*Hatua ya tatu.* Funga jile kwenye kikapu cha chuma. Zamisha vyote viwili, jile yote iwe chini ya maji. Hakikisha tena haigusi ukingo wa pipa. Soma na uandike. Hii ni B. Itakuwa ndogo kuliko A, maana jile inasukuma juu wakati chuma kinavuta chini.

*Hatua ya nne.* Toa: A kuondoa B. Jibu ndilo nguvu ya jile kwa kilo. Uzito wa jile yenyewe umeshahesabiwa humo, hakuna haja ya kuutoa tena.

*Hatua ya tano.* Iache jile imezama mchana na usiku, saa 24 nzima, kisha pima tena. Sheria za kimataifa za vyombo vya majini zinataka jile ikilala saa 24 katika maji baridi yasiyo ya chumvi isipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake. Kwa jile inayoinua kilo 10, hiyo ni nusu kilo tu.

Kama jile inainua chuma chote na mizani inarudi kwenye sifuri, chuma ni kidogo. Ongeza, anza upya.

Tulichokipata Kalehe

Siku ile tulipima jile tatu za kwanza, ya tatu ikiwa ndiyo ile iliyobeba jiwe. Chuma peke yake majini kilikuwa kilo 15.7.

Jile ya kwanza: mizani ilionyesha 5.5. Nguvu yake ni kilo 10.2. Kesho yake ilikuwa kilo 10.0.

Jile ya pili: mizani 5.4, nguvu kilo 10.3. Kesho yake kilo 10.2.

Jile ya tatu: mizani 9.2, nguvu kilo 6.5. Kesho yake mizani ilionyesha 11.5, maana yake nguvu imebaki kilo 4.2.

Zile mbili za kwanza zilistahili namba yake. Ya tatu ilikuwa pungufu tangu mwanzo, na kwa usiku mmoja ikapoteza zaidi ya theluthi ya kile kidogo ilichokuwa nacho. Tukaifunga tena jiwe lilelile la makofi, tukaiweka ziwani. Ilikwenda chini na jiwe.

Kwa kuwa ilikuwa imeshaharibika, tuliikata mshono. Kifuani kulikuwa na povu gumu, lile lisilonyonya maji. Mgongoni na kwenye kola kulikuwa na vipande vya sponji ya godoro, vimelowa kama kitambaa cha kufulia. Kwa nje jile zote tatu zilikuwa na rangi moja, mshono mmoja na maandishi yaleyale. Jicho lisingeweza kuzitenganisha.

Wanamemba walipima tisa zilizobaki wenyewe, bila sisi. Mbili nyingine zilionekana mbovu. Basi kwenye jile 12, tisa ni nzima na tatu haziwezi kazi. Fikirini mtumbwi wenye watu 12 katikati ya ziwa, na watatu kati yao hawajui.

Kisha mvae

Mizani inapima nguvu ya jile, haipimi kama inakukaa mwilini. Mtu avae jile, afunge kamba zote. Mwingine asimame nyuma yake, ashike mabega ya jile na kuivuta juu. Ikipanda mpaka masikioni, majini itapanda vivyo hivyo na mtu atabaki chini yake. Iko kubwa mno, au kamba hazishiki.

Halafu mjaribu katika maji ya kufika kifuani, siku ya utulivu, na mtu anayejua kuogelea, amefungwa kamba inayoshikwa na wenzake nchi kavu. Alale kama aliyechoka. Mdomo wake ukae juu ya maji bila yeye kupiga miguu. Usimjaribu mtoto wala asiyejua kuogelea kabla jile haijapita kwenye mizani.

Kuhusu watoto: msimvishe mtoto jile ya mtu mzima mkasema ina nguvu zaidi. Atateleza na kutoka kwa chini. Mtoto anahitaji ya kipimo chake, na iliyo bora iko na kamba ya kupita katikati ya miguu.

Kama jile yenu ni ile ya kujazwa hewa, ijazeni kwa mdomo, muiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa imelegea, inavuja. Angalieni pia kama kichupa cha gesi hakijatobolewa. Kichupa kinatumika mara moja tu.

Na bidoni je?

Wengi wetu tumekua tukifunga bidoni tupu mtumbwini. Bidoni ya lita 20 iliyofungwa vizuri inainua karibu kilo 20, kuliko jile ya 50, ya 100 au ya 150. Basi kwa nini tuchange pesa za jile?

Kwa sababu bidoni inakusaidia tu wakati mikono yako inaishika. Mikono ikichoka au ikipata baridi, bidoni inaelea kwenda zake. Na ukizimia, haikugeuzi uso. Bidoni ziachwe mtumbwini kama msaada wa pili, vifuniko vimekazwa, kamba za kushikia zimefungwa. Jile ivaliwe mwilini kabla ya kuondoka ufukoni. Jile iliyowekwa chini ya magunia haimwokoi mtu.

Jile mbovu tuifanyie nini?

Hapa ndipo kooperativa nyingi zinajikwaa. Jile imelipiwa franka za wanamemba, inauma kuitupa. Wengine wanasema: "Tuiache kwa wasafiri wa kuomba lifti." Wengine: "Tuiuze sokoni kwa bei ya chini." Wandugu, tusifanye hivyo. Yule atakayeinunua ni mtoto wa mtu, na ziwa ni lilelile.

Kule Kalehe waliamua hivi. Walikata kamba za jile zile mbovu ili asivae mtu yeyote, wakaandika juu yake HAIFAI kwa rangi. Walirudi kwa muuzaji na daftari la vipimo pamoja na ile iliyokatwa mshono. Mwanzo alikataa. Walipomwambia walete pipa na mizani mbele ya duka lake wapime jile zilizobaki, aliwarudishia pesa za zile tatu. Daftari lilisema kuliko kelele.

Ushauri wetu: kabla ya kununua nyingi, nunueni moja au mbili, mzipime saa 24, ndipo mlipe zilizobaki. Na mpatane na muuzaji mapema, kwa maandishi, kwamba itakayoshindwa kipimo atairudisha.

Daftari la jile

Kila jile ipewe namba yake kwa rangi isiyofutika. Kwenye daftari muandike: namba ya jile, nguvu iliyoandikwa, tarehe ya kipimo, kilo za siku ya kwanza, kilo baada ya saa 24, jina la aliyepima. Mrudie kila mwaka kabla ya msimu wa kahawa, na kila mara jile ikichanika au ikikaa muda mrefu chini ya mzigo. Mzitundike kivulini, zisikaliwe, zisilaliwe.

Ya kujadili kwenye mkutano wenu

1. Kooperativa yetu iko na jile ngapi, na watu wangapi wanapanda mtumbwi wetu siku ya soko? Namba hizo mbili zinalingana?
2. Ni nani atakayeshika daftari?
3. Mtumbwi ukiwa na nafasi ya gunia moja au ya mtu mmoja mwenye jile, nani ana haki ya kukata shauri, na nahodha atamsikiliza?
4. Jile ikishindwa kipimo asubuhi ya safari, nani atabaki ufukoni?

Swali la nne ni gumu, tunajua. Mama mweka hazina wa Kalehe alilijibu mbele ya wote: "Abaki gunia." Siku hiyo walishusha magunia matatu ya maharagi ili kupunguza uzito, na wale watatu wasio na jile nzima wakangoja safari ya kesho. Maharagi yaliuzwa siku moja baadaye, kwa bei ileile.